Wazee Saba kwa Kihispania

Hapa Kharumwa wananiita Sista. Nina mume, nina watoto watatu, nina duka la steshenari lenye mashine mbili za fotokopi, na bado ni Sista. Utawa wenyewe niliukaa miaka saba, mitano kati ya hiyo nikiwa Hispania kwenye nyumba mama ya shirika, nikaondoka kabla ya nadhiri za daima. Mume wangu anapenda kuamini kwamba niliondoka kwa sababu yake. Sikuondoka kwa sababu yake. Nilichoka kuamuliwa mambo na watu wengine, hadi saa ya kuoga.

Nilichorudi nacho ni Kihispania. Sijaona kitu kisicho na kazi huku kwetu kama Kihispania. Ni sawa na kuwa na koti zito la baridi: unalitunza, mara moja moja unalitoa na kulitazama, kisha unalirudisha sandukuni. Wateja wangu wanataka picha za pasipoti, barua za kuomba kazi na mikataba ya maduara, yale mashimo ya dhahabu. Hajatokea mchimbaji hata mmoja akataka mkataba wa duara kwa Kihispania. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilikitumia kwa mambo mawili, kusali na kumsema mume wangu mbele ya watoto.

Masista wa shirika langu la zamani walikuwa wamejenga hosteli ya wasichana karibu na shule ya sekondari, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka dukani kwangu. Ni mabweni mawili, jiko, ukumbi wa kulia na tangi la maji. Masista wenyewe walikuwa Wahispania, nao walizeeka kama watu wengine. Wakabaki watatu, wakabaki wawili, na wa mwisho alirudishwa kwao akiwa kwenye kiti cha magurudumu, analalamika kwamba huko hakuna viazi vitamu. Hosteli ikabaki mikononi mwa matroni.

Huyu matroni ni rafiki yangu. Ni mjane, mfupi, mpole wa sauti, na ukimtazama haraka unaweza kudhani hana neno. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyejua nani anaumwa, nani analia usiku, maharage yataisha lini na fundi yupi ni mwongo. Juu yake kulikuwa na baraza. Baraza la hosteli lilikuwa na wazee saba, banamhala, kama tunavyowaita kwa Kisukuma wazee wenye kauli, wale ambao wakikaa kwenye msiba wako au kwenye kesi ya ng'ombe wako, neno lao ndilo la mwisho.

Baraza lilikaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi wa kulia. Matroni aliwapelekea chai na viazi, akapiga goti, akawaeleza. Nakumbuka siku moja nilikuwepo. Alisema, "Wazee wangu, paa la jiko linavuja. Sijui tufanyeje." Wazee wakalijadili paa. Walijadili mabati ya zamani na mabati ya siku hizi, wakamtaja marehemu mmoja aliyeezeka kwa nyasi na nyumba yake haikuvuja hadi anakufa. Baada ya saa nzima mwenyekiti akasema, "Baraza limeamua paa litengenezwe." Wakati huo fundi alikuwa ameshapanda juu ya jiko tangu asubuhi, mabati yapo, misumari ipo, na matroni alikuwa amemwomba asigonge kwa muda ili wazee wasikilizane.

Nilicheka hadi nikatoka nje. Niliona ni mchezo wa kuigiza, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Maana baraza lilikuwa na kazi moja ambayo mimi sikuipa uzito. Bibi wa huku kwetu huugua sana baada ya mavuno ya mpunga. Baba anakuja hosteli amevaa shati la Jumapili, anasalimia vizuri, anasema bibi wa mtoto anaumwa mahututi na anaomba ruhusa binti akamwone. Kila mtu anajua bibi ni mzima na kwamba kuna ng'ombe wa mahari wameshafungwa mahali. Sheria ipo, mtendaji wa kata anaijua, lakini sheria haina la kumfanya mtu anayekwenda kumwona bibi. Basi matroni alimsikiliza yule baba, akampa pole, akasema, "Mimi sina neno, baba. Ngoja nipeleke kwa baraza." Kisha akaenda jikoni kukoroga uji. Jumamosi ikifika anampa jibu, "Baraza limekataa. Wanasema bibi aletwe hapa atazamwe, zahanati iko karibu."

Yule baba alikuwa anaondoka. Na alikuwa anaondoka bila aibu, maana alikuwa na la kumwambia mwoaji, kwamba angependa lakini wazee wamekataa. Kubishana na mjane ni rahisi, mtu yeyote anaweza. Kubishana na banamhala saba ni kutafuta kuzikwa na familia yako tu.

Wakati ninaousimulia kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mbishi, ambaye baba yake alikuwa ameshakuja mara mbili. Mwoaji alikuwa mtu mwenye mitumbwi huko Nkome, ziwani, mtu mzima aliyekwisha kuzaa watoto wa rika lake. Mara zote mbili baraza lilikataa. Mimi nilimjua huyu msichana kwa sababu Jumapili alasiri nilikuwa nawafundisha nyimbo, naye alikuwa ananisahihisha. Aliniambia mbele ya wenzake, "Sista, wiki iliyopita ulisema huu ni wimbo wa Pasaka. Leo unasema ni wa Noeli." Nilimkazia macho, naye akanikazia. Nilimpenda tangu siku hiyo, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko wengine.

Matroni aliniambia, "Nikimfikisha yule kwenye chumba cha mtihani wa kidato cha nne, basi. Baada ya hapo atakayemtaka ataongea naye mwenyewe, na namhurumia." Huo ndio ulikuwa mpango wote. Ulibaki mwaka mmoja na miezi kidogo.

Ndipo barua ikaja kutoka nyumba mama. Shirika linaikabidhi hosteli kwa wenyeji moja kwa moja, majengo na kiwanja. Kulikuwa na fomu ya kurasa tisa, yote kwa Kihispania, na ombi kwamba mtu anayekijua awasaidie wenyeji kuijaza. Mtu huyo wilaya nzima alikuwa mimi. Nilitoa koti langu sandukuni kwa furaha kubwa.

Kurasa nane zilikuwa rahisi. Ukurasa wa tisa ulikuwa na visanduku viwili. Kimoja kiliuliza chombo kinachotawala hosteli ni kipi, kinaitwaje, na ni akina nani. Cha pili kiliuliza kama kuna chombo cha ushauri, kinaitwaje, na ni akina nani. Chini yake kwa herufi ndogo walieleza kwamba watakaotajwa kwenye kisanduku cha kwanza ndio watakaokabidhiwa hati.

Nilikaa na ukurasa huo siku nne. Wateja walikuwa wanasubiri fotokopi na mimi natazama ukuta. Baraza kwa Kihispania utaliitaje? Kuna *junta*, yaani watu waliokaa pamoja wakashika usukani. Shule ina *junta*, jengo la ghorofa lina *junta*, na wapo wanajeshi wenye miwani ya giza waliowahi kuunda *junta*. Nilijaribu kuwafikiria wazee wetu saba na miwani ya giza ikashindikana. Mwenye miwani alikuwa mmoja tu, na mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa wa waya. Kuna *patronato*, watu wakubwa ambao majina yao huwekwa juu ya karatasi ili karatasi iheshimiwe. Wetu heshima walikuwa nayo, karatasi hawakuwa nayo. *Directiva* niliizoea kwenye klabu za mpira. *Ayuntamiento* ni ya mji mzima na meya wake, na *cabildo* inanuka kanisa kuu na mishumaa. *Comité* nayo ni kamati, na huku kwetu kamati ni ya harusi.

Ikabaki *consejo*, neno lenye nafasi. Baraza la mawaziri ni *consejo*, na shangazi anayekwambia gauni hilo limekubana naye ametoa *consejo*. Ningeliandika hivyo hivyo, likae kimya. Lakini fomu haikutaka likae kimya, ilitaka kujua kisanduku gani. Ukiliweka cha kwanza, wanatawala. Ukiliweka cha pili unaongeza neno *consultivo*, la ushauri tu, baada yake, na hapo umemaliza kazi: wanaulizwa, wanajibu, na aliyewauliza anaweza kwenda zake.

Nikamwita matroni dukani, nikamweleza yote, nikamtafsiria kila neno. Alisikiliza huku anapepea kwa daftari. Kisha akasema, "Andika wazee wanatawala."

"Matroni, si kweli."

"Andika tu, Sista."

"Hawajawahi kutawala hata sufuria. Unaamua wewe, unafanya wewe, halafu unawapigia goti wakuambie ulichokwisha fanya. Miaka kumi na tisa. Hati ikitoka itakuwa ya watu ambao hawajui hata ufunguo wa stoo uko wapi."

"Unakaa mfukoni mwangu," alisema. "Na ukiandika hivyo utaendelea kukaa mfukoni mwangu. Andika wazee."

Nikamwambia sawa. Akaondoka.

Sikuandika hivyo. Nitasema wazi kwa nini, maana nimejitafutia visingizio vya kutosha. Nilikuwa na hasira. Hasira ilikuwa kwa niaba yake, ndivyo nilivyojiambia, lakini nyingine ilikuwa yangu mwenyewe, ya yule mnovisi aliyekuwa anaambiwa saa ya kuoga. Na nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye lugha ambayo hakuna mwingine anayeijua. Nikachukua kalamu, kisanduku cha kwanza nikaandika jina la matroni, nikampa cheo cha *directora*, yaani mkurugenzi, nikaongeza kwa mkono wangu kwamba ana mamlaka yote. Kisanduku cha pili nikaandika *consejo consultivo*, na majina ya wazee saba. Niliisoma mara tatu. Nilijiona nimemvisha taji. Nilitia saini kama mtafsiri, nikatuma, nikaenda kula samaki.

Nilidhani karatasi ya Kihispania itabaki Kihispania. Mtu mzima, mwenye duka la karatasi, ndivyo nilivyodhani.

Baada ya miezi mitatu akaja wakili kijana kutoka Mwanza, suti ya bluu, viatu vimechongoka. Nyumba mama ilikuwa imemwagiza aandike hati ya makabidhiano kwa Kiswahili kufuatana na fomu, na aisome mbele ya watu kabla ya kusainiwa. Walialikwa wazazi wa wasichana, wazee saba, mkuu wa shule na mtendaji. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa mbele, nimevaa kitenge kipya, nasubiri kushukuriwa.

Wakili akasoma. Kiwanja, mipaka, mabweni, tangi. Kisha akasoma kwamba hosteli itaongozwa na mkurugenzi mwenye mamlaka yote, akataja jina la matroni, na kwamba kutakuwa na wazee saba ambao watakuwa washauri wake, wasio na mamlaka ya kuamua.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee mrefu ambaye ujana wake wote alikuwa mpima pamba, mtu wa maneno machache na yaliyopimwa. Akasema, "Rudia hapo, mwanangu."

Wakili akarudia. Alirudia vizuri, kwa sauti, akidhani mzee hasikii.

"Nimesikia," mzee akasema. Akavaa kofia yake akiwa bado amekaa ndani, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Matroni hakunitazama. Alikuwa anaangalia mikono yake. Aliposaini watu wakapiga makofi, kwa sababu mtu akisaini watu hupiga makofi. Walipotawanyika nilimfuata jikoni. Aliniuliza swali moja tu: "Nilikuambia uandike nini?" Nikasema aliniambia niandike wazee. Akasema, "Haya," akaanza kuosha vikombe.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliofuata alitandika meza, akachemsha chai, akapanga viti saba. Hakuja mtu. Saa nne akatuma mtu kwa mwenyekiti kuuliza kama kuna tatizo, jibu likaja kwamba hakuna tatizo, mkurugenzi akihitaji ushauri anajua nyumba zao zilipo. Chai walikunywa wasichana. Waliifurahia sana.

Mpunga ukavunwa. Yule baba wa msichana akaja mara ya tatu, shati lile lile la Jumapili. Siku ya kusomwa kwa hati alikuwa amekaa safu ya tatu. Alisalimia vizuri kama kawaida, akasema bibi ameanguka bafuni. Matroni akampa pole, akasema, "Mimi sina neno, baba, ngoja nipeleke kwa baraza."

"Hapana, mama," yule baba alisema, bila ukali wowote. "Mamlaka yote ni yako. Tulisomewa. Niambie wewe mwenyewe unakataa, na sababu yake."

Matroni akamwambia kwamba yeye mwenyewe anakataa. Baba akatabasamu kidogo, akasema Jumamosi atakuja kumchukua mwanawe, kwa sababu hajawahi kusikia mwanamke wa kuajiriwa akimzuia mtu na damu yake. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi tulikwenda kwa mwenyekiti, mimi na matroni. Tulimkuta anatengeneza mpini wa jembe. Tukapiga magoti wote wawili, tukamsalimia, naye akaitikia vizuri, akaagiza tuletewe maji ya kunywa. Nikamwambia kila kitu. Nilimwambia kwamba matroni hakunituma, kwamba aliniagiza niandike wazee wanatawala, na mimi nikaandika kinyume kwa sababu nilijiona nina akili. Nililia. Sikupanga kulia, nilikuwa nimepanga kueleza.

Mzee akaendelea kukwangua mpini wake kwa kipande cha chupa. Mwishowe akasema, "Na ulichoandika ni uongo?"

Kumdanganya nilishindwa, na kusema ukweli nilishindwa.

"Basi," akasema. "Si uongo. Sisi si vipofu, Sista. Paa lile mlidhani hatukusikia nyundo?"

Sijawahi kuona haya namna ile. Kumbe walijua. Walijua miaka yote, wakakaa, wakanywa chai, wakajadili mabati, ili siku baba wa mtu akija kuwe na ukuta wa kuegemea. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa natazama mchezo.

"Tutakuja Jumamosi," akasema. "Wote saba."

Tulirudi tumefurahi mno. Matroni alinunua sukari njiani. Alimwambia msichana asiogope, baraza linakuja, na yule msichana akasema yeye haogopi, ila ana jaribio la jiografia Jumatatu na asingependa kelele.

Jumamosi wazee walikuja, wamevaa makoti. Walikaa kwenye viti vyao saba. Baba naye akaja na bodaboda mbili, moja ya kwake na moja ya sanduku la mtoto. Aliingia ukumbini, akavua kofia, akawasalimia mmoja mmoja kuanzia mkubwa, akaomba kusema, akasema habari za bibi. Msichana alisimama mlangoni na sare yake ya shule. Hakuwa amefungasha kitu.

Mwenyekiti akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema polepole, na maneno yake nayakumbuka kama nilivyoyasikia, "Sisi hapa ni washauri. Tulisomewa na tukasikia. Basi sisi washauri tunakushauri, mtoto abaki asome."

Alikuwa anatupiga kijembe. Alikuwa na haki ya kutupiga kijembe kimoja, mbele ya watu, kisha mambo yaishe. Na nadhani aliamini, kama mimi nilivyoamini wakati ule, kwamba neno likitoka kinywani mwake linabaki neno lake, uliite ushauri, uliite amri, mtu atainama na kwenda. Hakuna aliyewahi kulikataa.

Baba akainamisha kichwa. Akasema, "Wabeja sana, wazee wangu, kwa ushauri mzuri. Nitaufikiria." Akavaa kofia, akatoka, akamwambia mwanawe alete sanduku.

Wazee hawakusogea. Nilimtazama mwenyekiti, kinywa chake kilikuwa wazi kidogo. Angeweza kusimama na kusema tumekataza. Lakini alikuwa ameshasema yeye ni mshauri, mbele ya wazee wenzake sita, na mzee wa namna ile halirudii neno lake kulibadilisha, hata likimchoma. Matroni alikimbia nje, akashika usukani wa pikipiki. Baba akamwondoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja, anamwambia samahani mama, samahani mama. Mkuu wa shule alikuwa amekwenda Geita mjini, simu yake haipatikani. Mtendaji tulimpigia, akasema anakuja, na kweli alikuja, saa tisa.

Msichana alipanda pikipiki bila kulia. Alinitafuta kwa macho, akasema, "Sista, waambie baraza wasichelewe kukaa. Jumatatu nina jaribio." Alikuwa bado anadhani hawajaamua.

Kesho yake mtendaji alikwenda na mgambo hadi nyumbani kwao. Walimkuta bibi anapeta mpunga, mzima wa afya, na baba anayesema binti ameondoka kwenda kwa shangazi yake na yeye hajui shangazi anaishi wapi. Baba alilala ndani siku mbili, akatoka. Kesi ipo. Inaahirishwa.

Wiki ya pili mwenyekiti alikuja dukani kwangu. Hakuwahi kuja kabla ya hapo. Alisimama kwenye foleni nyuma ya mchimbaji aliyekuwa anataka picha za pasipoti, akakataa kupishwa. Zamu yake ilipofika akasema, "Andika upya."

Nikamuuliza aandikwe nani wapi, maana sasa nilikuwa nimejifunza kuuliza.

"Kuna neno la watu wanaoamua na hakuna wa kuwapita?"

"Lipo."

"La watu wabaya?"

"Wakati mwingine."

"Andika hilo."

Nikaandika *junta*. Nikaandika *junta de gobierno*, baraza linalotawala, ili asiwepo wa kuuliza, na majina saba. Mzee akaomba nimwonyeshe lilipo jina lake, akaliwekea kidole, akakiacha hapo muda mrefu. Alisema, bila kunitazama, "Nilitaka muone tu. Nilitaka muone kidogo." Nikamwambia na mimi nilitaka waone. Mashine ya fotokopi ikajizima yenyewe. Kisha akashika fimbo yake akaenda.

Jioni matroni akaja kusaini. Kisanduku cha pili kilikuwa bado kitupu. Nikamwambia naweza kumwandika katibu, au msimamizi, ni maneno mazuri na hayamdhuru mtu.

"Niandike mpishi," akasema.

"Matroni, kwa nini mpishi?"

"Kwa sababu hakuna anayebishana na mpishi, Sista. Wanamwomba maji ya kunywa tu."

Nikaandika *cocinera*. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika alichoniambia. Wakili alirudi na suti yake, akanung'unika kwamba kazi imefanywa mara mbili, akasoma hati mpya ukumbini mbele ya wazazi wale wale. Safari hii mwenyekiti hakumwomba arudie.

Mavuno yaliyofuata akaja baba mwingine, shati la Jumapili, bibi anaumwa figo. Nilikuwepo, nimepeleka karatasi za mitihani ya majaribio. Matroni akatoka jikoni anajifuta mikono kwenye aproni, akampa pole, akamwambia yeye ni mpishi tu, asubiri Jumamosi. Jumamosi akampa jibu la baraza, kwamba limekataa. Yule baba akauliza kama wamekataa wote saba. Akaambiwa wote saba. Akaomba maji, akanywa, akashukuru, akaondoka peke yake.

Binti yake hakujua lolote. Alikuwa darasani, kidato cha nne, chumba kile kile ambacho yule mwingine angekuwa amekaa.

Nasikia yule msichana wangu mbishi yuko Nkome, anaanika dagaa, na ana mtoto. Sijaenda. Kila wiki nasema nitakwenda.